Somo: Kuwakutanisha wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili mjini kwenu

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na bado wengi wetu tunajuana kwa majina ya akaunti tu. Mtu anakusahihishia makala miaka miwili, kumbe yeye yuko Temeke na wewe Ilala. Nimeandaa mikutano kadhaa Dar es Salaam, na ninatamani kila mji uwe na wake.

Hatua ya 1: Kazi kwanza, ukumbi baadaye. “Tukutane tuzungumzie Wikipedia” haimtoi mtu nyumbani Jumamosi. Fungua makala ya kata yenu: huenda ni mbegu, yaani makala fupi mno, sentensi chache na idadi ya wakazi kwenye sensa. Hiyo ndiyo kazi.

Hatua ya 2: Ukumbi. Mimi napenda maktaba, kwa sababu vyanzo viko rafuni. Kagua soketi za umeme.

Hatua ya 3: Tangazo. Liweke kwenye ukurasa wa Jumuiya, ambapo wahariri hujadiliana, kisha pitia Mabadiliko ya karibuni, orodha ya masahihisho mapya, na umwandikie kila mhariri wa eneo lenu kwenye ukurasa wake wa majadiliano. Taja makala aliyoiandika. Tangazo la wote huonekana si la mtu. Aliyeitwa kwa jina hujibu. Neno “asubuhi” lisikose baada ya “saa 4”, maana kuna atakayetega simu ilie 4:00, alfajiri.

Hatua ya 4: Akaunti. Hapa ndipo mikutano mingi hukwama. Wikipedia huruhusu akaunti mpya sita tu kwa siku kutoka anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti. Mkiwa ishirini kwenye Wi-Fi moja, wa saba anakataliwa, na mgeni huyo huondoka akidhani kosa ni lake. Waambie wafungue akaunti nyumbani, siku kadhaa kabla. Alika pia mkabidhi, yaani mhariri mwenye mamlaka ya usimamizi, kwani yeye anaweza kuwafungulia waliobaki. Jaribu na laini za simu mapema: watu wengi hutumia anwani moja, hivyo mmoja akiharibu makala na kuzuiwa, wengine huzuiwa naye.

Hatua ya 5: Siku yenyewe, mkongwe akae na mgeni. Hotuba iwe fupi sana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanza: Mwalimu, tuko wanne tu. Tuahirishe?
Jibu: Msiahirishe, ndugu yangu. Wanne mnakaa meza moja, kila mtu anaona kidole cha mwenzake kinabonyeza wapi. Nyie fanyeni.

Mombasa: Naweza kuwapiga picha washiriki niziweke Commons, hazina ya picha huria ya Wikimedia?
Jibu: Waulize mmoja mmoja, dada. Picha ya Commons yeyote duniani anaweza kuitumia tena, hata kibiashara. Na wapo wanaotumia jina la akaunti kwa kuwa hawataki kujulikana. Asiyetaka akae upande usiopigwa picha, bila kuulizwa sababu.

Dodoma: Watu wanauliza nauli. Nijibu nini?
Jibu: Jibu ndani ya tangazo lenyewe: nauli ipo au haipo. Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, hutoa ruzuku, ila omba mapema na usimwahidi mtu kabla ya kukubaliwa. Kama haipo, chagua mahali karibu na stendi ya daladala.

Dodoma tena: Na bando?
Jibu: Kama hakuna Wi-Fi, andikeni rasimu kwenye daftari na vyanzo vyake, halafu mmoja mwenye bando awashirikishe intaneti kwa zamu wakati wa kuhifadhi. Tumewahi kufanya hivyo, makala zikatoka nzuri.