Jinsi ya Kuandaa Kompyuta ya Zamani kwa Mkusanyiko wa Wapenzi wa Kompyuta za Nyumbani

Mikusanyiko ya wapenzi wa kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 haifanani. Marekani kuna KansasFest, iliyoanza mwaka 1989, ambako wapenzi wa Apple II hukaa pamoja siku kadhaa na kulala mabwenini kama wanafunzi, na kuna Vintage Computer Festival, iliyoanzia California mwaka 1997. Hapa Uingereza mingi ni ya siku moja tu, katika ukumbi wa mtaa au ndani ya makumbusho, meza zikipangwa asubuhi na kukunjwa jioni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayekwenda na mashine yake kwa mara ya kwanza. Mfano mkuu utakuwa Sinclair ZX Spectrum, iliyozinduliwa tarehe 23 Aprili 1982 kwa pauni 125 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 na pauni 175 yenye 48, kwa sababu ndiyo ninayoifahamu kwa kuifungua na kuifunga mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kabla ya yote elewa kazi inayoisubiri mashine hiyo. Katika makumbusho mengi kompyuta hukaa nyuma ya kioo, imezimwa. Mkusanyikoni hukaa juu ya meza, imewashwa saa sita au saba mfululizo, na kila apitaye anaruhusiwa kuketi na kubonyeza. Mashine ambayo miaka 30 haijafanya lolote ila kukusanya vumbi darini haiwezi kutwishwa kazi hiyo ghafla, kwa hiyo maandalizi karibu yote hufanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla.

Umeme kwanza

Kosa la kwanza la mgeni ni kuishusha mashine darini, kuipangusa na kuiwasha papo hapo ili aone kama ni nzima. Vuta subira, uanze na adapta. Adapta ya Spectrum hutoa volti 9 za DC, lakini ncha yake ya katikati ni hasi na ganda la nje ndilo chanya, kinyume cha adapta nyingi za siku hizi. Mtu anayeokota adapta ya volti 9 ya kifaa kingine, kwa kuwa tu imeingia vizuri kwenye tundu, anaweza kuiunguza mashine kwa sekunde moja. Shika multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, weka ncha nyekundu katikati na nyeusi nje. Usomaji ukija na alama ya kutoa, adapta ni sahihi. Usishtuke pia ukisoma volti 12 au zaidi wakati adapta haijachomekwa kwenye kompyuta, kwa sababu adapta hiyo haina kidhibiti cha volti ndani yake, na volti hushuka pale inapobebeshwa mzigo.

Ukiwa na Commodore 64, tahadhari iwe kubwa zaidi. Adapta yake ya asili hutoa volti 5 za DC na volti 9 za AC kwa pamoja, na nyingi zimemiminiwa gundi ngumu ndani kiasi kwamba fundi hawezi kuzifungua akazitengeneza. Kidhibiti cha volti kinapochoka, zile volti 5 hupanda, na chipu za kumbukumbu ndizo zinazokufa kwanza. Ukisoma zaidi ya volti 5.25, adapta hiyo imestaafu. Hata ikisoma vizuri ikiwa baridi, hilo si hakikisho la jinsi itakavyokuwa baada ya saa tatu za joto, na mimi binafsi siitumii adapta ya asili mkusanyikoni kwa vyovyote vile. Zipo adapta mpya zinazotengenezwa mahususi kwa mashine hiyo, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na machungu ya kuua kompyuta mbele ya watu.

BBC Micro ya Acorn nayo ina kioja chake. Ndani ya sanduku lake la umeme mna kapasita (vipande vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme) za aina ya RIFA, zenye ganda linaloonyesha ndani, ambazo kwa uzee hupasuka nyufa ndogo, zikaingiwa na unyevu, kisha siku moja zikalipuka na kujaza chumba moshi wenye harufu isiyosahaulika. Mashine yenyewe mara nyingi hunusurika, ila ukumbi hutoka nje wote. Zibadilishwe kabla, na fundi anayejua kazi ya umeme mkubwa.

Kagua pia plagi. Plagi nyingi za mwanzo wa miaka ya 1980 hazina kifuniko cha plastiki kwenye shina la miguu yake, na kidole cha mtoto kinaweza kugusa chuma chenye umeme plagi ikiwa imeingia nusu. Ibadilishe, weka fyuzi ya ampea 3, kisha uwaulize waandaaji mapema kama ukumbi unadai vifaa vya umeme vipimwe na kubandikwa stika. Msomaji aliye Nairobi au Mombasa hatapata shida na plagi yenyewe, kwa kuwa ni ileile ya miguu mitatu, na umeme ni uleule wa kiasi cha volti 230. Mwenye mashine iliyonunuliwa Marekani ndiye atakayehitaji transfoma.

Kuifungua Spectrum bila kujuta

Vifungo vya mpira vya Spectrum vimekaa juu ya utando mwembamba wa plastiki, na utando huo umeunganishwa na bodi kwa mikia miwili mifupi, mmoja wa njia nane na mwingine wa njia tano. Plastiki hiyo ikizeeka hukauka kama jani la mgomba lililoanguka zamani. Jioni moja kabla ya mkusanyiko niliinua ganda la juu la Spectrum yangu kama mtu afunuavyo sufuria, nikasikia mlio mdogo wa kukatika. Kilichokatika kilikuwa njia moja tu katika ule mkia wa nane, lakini njia moja hubeba vifungo vitano, na bahati yangu ikaangukia P, O, I, U na Y. Hapo msomaji anayeijua Spectrum ameshaelewa msiba: alama ya kunukuu hupatikana kwa SYMBOL SHIFT na P, na bila alama ya kunukuu huwezi kuandika amri ya kupakia programu kutoka kwenye kaseti. Siku iliyofuata nilikaa mezani na kompyuta inayowaka vizuri kabisa isiyoweza kupakia kitu.

Kwa hiyo legeza skrubu za chini, inua ganda kidogo tu kwa upande wa mbele, chomoa mikia yote miwili kwa kuivuta wima bila kuikunja, ndipo ulitoe ganda lote. Tando mpya zinauzwa, na busara ni kuwa nayo moja mkononi kabla hujagusa skrubu ya kwanza. Ukiwa humo ndani, safisha tundu za mikia kwa pamba na spiriti safi, na umpe fundi kazi ya kubadilisha kapasita za zamani kama bado hazijabadilishwa.

Liko sharti moja lisilo na msamaha. Usichomeke wala kuchomoa kitu chochote kwenye mdomo wa nyuma wa bodi wakati mashine imewashwa. Kilobaiti 16 za kwanza za Spectrum hukaa katika chipu za aina ya 4116, ambazo zinahitaji volti za aina tatu, yaani 12, 5 na hasi 5, na sehemu ya bodi inayozitengeneza volti hizo huungua kwa urahisi mguso wa nyuma ukienda kombo. Ikiungua, huenda na chipu hizo pamoja. Mkusanyikoni hatari huzidi, maana daima hutokea mgeni mkarimu anayesema, ngoja nikuonyeshe kifaa changu, huku mkono wake umeshafika nyuma ya mashine.

Picha na kaseti

Spectrum hutuma picha kwa njia ya antena, katika chaneli ya 36 ya UHF, na televisheni nyingi mpya ama haziioni ama huionyesha ikiwa na chenga. Fundi anaweza kuitoa ishara ya video moja kwa moja hadi kwenye tundu la nyuma kwa marekebisho madogo, na picha ikasafika mara moja. Hata hivyo, ukiweza kupata televisheni ndogo ya chogo, ichukue. Rangi za mashine hizi zilichaguliwa kwa ajili ya kioo cha namna hiyo, na wageni huvutwa na mwanga wake wangali mlangoni. Usiifungue wewe mwenyewe kwa sababu yoyote, kwani huhifadhi umeme wa kutisha hata baada ya kuchomolewa.

Kaseti ndiyo burudani yenyewe, ingawa kifaa cha DivMMC kinachosoma kadi ya SD hupakia mchezo kwa sekunde chache. Mchezo wa kilobaiti 48 huchukua kama dakika tano kutoka kwenye kaseti, na watu husimama kuutazama: kwanza mistari minene myekundu na ya samawati pembezoni mwa kioo, na mlio mrefu usiobadilika, kisha mistari myembamba ya buluu na njano pale data inapoanza kuingia. Mkanda wa mpira ndani ya redio kaseti huenda umeyeyuka ukawa kama lami, kwa hiyo ukague. Sauti ikiwa hafifu, zungusha taratibu skrubu ndogo iliyo kando ya kichwa cha kusomea, hadi mlio usikike mkali kabisa. Njia ya mkato ni kucheza faili ya sauti kutoka kwenye simu hadi tundu la EAR, sauti ikiwa karibu na mwisho. Sharti simu iwe katika hali ya ndegeni. Nimewahi kuona ujumbe mmoja wa WhatsApp ukiingia dakika ya nne, mlio wake ukaingia katikati ya data, na kioo kikajibu R Tape loading error mbele ya watoto sita waliokuwa wakingoja kwa utulivu.

Meza yenyewe

Fika mapema, na ekstensheni yako mwenyewe. Nyaya zote zipite nyuma ya meza na zibandikwe sakafuni kwa gundi ya utepe.

Usiweke mchezo mgumu. Watoto hufurahia zaidi kuandika programu ya mistari miwili, wa kwanza ukichapisha jina lao na wa pili ukirudi kwenye wa kwanza, na maelezo yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu: P hutoa PRINT, G hutoa GO TO, R hutoa RUN. Mtoto wa leo hushangaa kwamba kifungo kimoja huandika neno zima. Jina lake likishajaza mistari 22, mashine huuliza scroll? chini ya kioo, naye hukugeukia akidhani ameiharibu. Mwambie abonyeze kifungo chochote isipokuwa N, BREAK au nafasi. Kaa kando ya mgeni badala ya kusimama nyuma yake, na mikono yako ibaki mapajani.

Jioni zima kwanza kwenye soketi, ngoja mashine ipoe, ndipo uchomoe kilicho nyuma. Televisheni ipande garini kioo kikielekea mgongo wa kiti. Kila kilichogoma mchana kiandike kwenye kipande cha karatasi, ukiweke ndani ya boksi juu ya mashine. Ukikiandika kwenye simu utakisahau, na boksi ndilo utakalolifungua mkusanyiko mwingine ukikaribia.