Kununua nondo mapema kwa tangi la maji la kijiji: hatua kwa hatua

Wakuu, habari za kazi. Kila masika naona jambo lilelile: msingi wa tangi umechimbwa, mafundi wapo, nondo hazijafika na barabara imeshakatika. Kina mama wanaendelea kuamka saa kumi usiku kufuata maji. Ndiyo maana nasisitiza nondo zinunuliwe mapema. Ila pesa ni ya umma, kwa hiyo tufuate utaratibu.

1. Anza na mchoro. Usiagize kwa kukisia tani. Mwombe mhandisi jedwali la kukata na kukunja nondo, lenye kipenyo, urefu na idadi ya kila kipande. Nunua yale tu ambayo mchoro umeshayafunga. Kama urefu wa mnara wa kubeba tangi bado unajadiliwa, nondo za nguzo zingoje. Za msingi zitangulie.

2. Geuza urefu kuwa uzito. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162. Jibu ni kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inakuja kilo 10.66, yaani tani moja ni kama nondo 94. Za milimita 10 ni kama 135, za 16 ni kama 53.

3. Andika mkataba kwa kilo, si kwa idadi. Taja daraja la chuma (yaani kiwango cha nguvu yake), cheti cha kiwanda kinacholingana na lebo ya kila bunda, na bei imefungwa hadi tarehe gani. Malipo ya awali yasitoke bila dhamana ya benki. Kwa Tanzania zabuni hupita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, hivyo masharti haya yaingie kwenye nyaraka kabla ya kutangaza.

4. Pima kabla ya kushusha. Hapa ndipo tunapoibiwa. Mradi mmoja niliosimamia, lori lilifika jioni na kila mtu alitaka kushusha aende nyumbani. Nikamwambia fundi akate kipande cha mita moja kamili cha milimita 12. Tukakipeleka duka la jirani, kwenye mizani ya kupimia sukari. Kilitakiwa kiwe gramu 888. Kilisoma 780. Kiwango cha Uingereza cha BS 4449 kinaruhusu pungufu la asilimia 4.5 kwa kipenyo hicho, yaani kisishuke chini ya gramu 848 hivi. Tukakata vingine viwili kutoka mabunda tofauti, hali ileile. Kwa nondo 94, tungelipia tani moja na kupokea kilo 880. Mbaya zaidi, ukuta wa tangi ungekuwa na chuma pungufu kuliko alichopiga hesabu mhandisi. Lori lilirudi na mzigo wake.

Vipande vingine vipelekwe maabara kuvutwa na kukunjwa.

5. Stoo. Panga juu ya magogo, sentimita 15 au zaidi kutoka ardhini, kila kipenyo peke yake. Funika kwa turubai lakini hewa ipite. Leja isainiwe na mtunza stoo pamoja na mjumbe wa kamati ya maji.

Maswali ya wanachama

*Nondo zetu zimeshika kutu, tuzitupe?*
Sugua kwa brashi ya waya. Kutu nyepesi ya juujuu haina shida. Ikibanduka magamba au mbavu zimelika, pima uzito tena; zikishuka chini ya kiwango, zisiingie kwenye tangi.

*Mkandarasi kanunua mapema, anadai alipwe na tangi halijaanza. Ni sawa, mkuu?*
Angalia mkataba. Ule wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) wa 1999, uitwao kitabu chekundu, kifungu 14.5, unaruhusu asilimia 80 ya gharama kwa vifaa vilivyoorodheshwa kwenye mkataba, vikiwa vimefika eneo la kazi na kuhifadhiwa vizuri. Nenda ukazihesabu mwenyewe kwanza. Risiti peke yake haitoshi.

*Bei ikishuka baada ya sisi kununua, mkaguzi hatatubana?*
Weka kwenye faili bei za wauzaji wote za siku ile, ratiba ya ujenzi na muhtasari wa kikao kilichoamua.

*Sisi tuko Kilwa, stoo iko karibu kabisa na bahari.*
Ndugu yangu, hapo usiweke. Chumvi ya upepo hula chuma kwa vidoa virefu vinavyozama ndani. Tafuteni ghala mbali na pwani, na mlete kazini za wiki mbili tatu tu kwa wakati.