Tumbo linalouma siku ya marejesho tu

Kama miezi mitatu hivi nilikuwa najua nina vidonda vya tumbo. Sijapima ila najua, si unatujua wabongo, tumbo likiwaka tu ugonjwa ushajipa na dawa ushanunua. Mpaka mama watoto akaniuliza mbona linauma Alhamisi usiku na Ijumaa asubuhi tu? Ijumaa ndo marejesho ya kikoba, na hapohapo kuna kausha damu, mkopo wa riba kali, niliyochukua nimalizie kibanda changu Nkuhungu, hapa Dodoma. Nikakosa jibu.

Sasa kama una kichwa, shingo au tumbo lisiloeleweka anza na daftari, wiki mbili tu, andika maumivu yalianza saa ngapi, ulikula nini, ulilala saa ngapi na nani alikupigia simu. Ya simu usiiruke, kwangu ndo iliyotoa siri.

Afu kapime, usije ukasema ni mawazo tu ukakaa. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria, Helicobacter pylori, waliogunduliwa Australia mwaka 1982 na Robin Warren na Barry Marshall, huyu Marshall hadi akawanywa mwenyewe kuthibitisha, na 2005 wakapewa Nobel. Kabla ya hapo lawama zilikuwa kwa mawazo na pilipili. Wanapimwa kwa choo na dawa zao zipo. Na kama unameza brufeni au diklofenaki kila siku mwambie daktari maana nazo zinachubua tumbo.

Mimi kipimo kikatoka safi. Ndo nikaeleweshwa kwamba mdai akipiga simu mwili unajiandaa kama vile umekutana na fisi usiku. Juu ya figo kuna vitezi vinamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, presha inapanda, ini linaachia sukari kwenye damu upate nguvu ya kukimbia, na tumbo linapunguziwa kazi kwa sababu ukikimbizwa na fisi kusaga ugali wa uwele kunaweza kusubiri. Fisi akiondoka mwili unarudi kawaida. Deni haliondoki, linalala na wewe kitanda kimoja, ndo maana shingo inakaza, usingizi unakata saa nane, kina mama wengine hedhi inaruka na mwenye kisukari anashangaa sukari haishuki na anakula vizuri.

Cha kufanya hapohapo ni pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu mpaka nne, toa taratibu mpaka sita au nane, dakika tano. Ukitoa pumzi moyo unapunguza mwendo wenyewe, ndo maana kutoa kunatakiwa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Nilidhani utani, nikajaribu nimekaa kwenye daladala ya Sabasaba, mabega yakashuka bila kuyaambia. Jioni jua likipoa tembea nusu saa, vumbi letu vumilia.

Ila pumzi hazilipi deni jamani. Kilichonisaidia kuliko vyote ni kumpigia simu mwenyekiti wa kikoba KABLA ya Ijumaa nikamwambia dada, wiki hii nina nusu, akapanga upya. Simu ya dakika nne niliyoiogopa miezi mitatu!

Presha nayo pima ukiwa umetulia: kaa dakika tano umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee, kahawa iwe imepita nusu saa. Sio umetoka kugombana na bodaboda unapima unaambiwa 150. Ikirudia siku tofauti kuwa 140/90 kwenda juu nenda hospitali, na kama tayari unatumia dawa usiache eti umeanza kuvuta pumzi. Na kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi au tayani, au jasho la baridi likakutoka, hapo usihesabu kitu, kimbizwa hospitali.

Yakizidi, wiki hulali, huli, au unaona bora usiwepo, mwambie mtu leo na nenda ukaongee na wataalamu. Hapa Dom tunayo Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ila ukimwambia mtu aende atanuna mwezi mzima, anadhani umemwita kichaa. Mimi nilienda nimevaa barakoa na kofia nisijulikane, nikakaa kwenye benchi, wa pembeni naye kavaa barakoa na kofia, akanigeukia na salamu ya Kigogo, "jirani, mbukwa". Tukarudi wote na daladala moja.