Lipu inabanduka nyumba ya Mji Mkongwe? Simenti iache dukani

Kama unaishi kwenye nyumba ya mawe pale Unguja, iwe Shangani, Malindi au Kiponda, hii hali unaijua: lipu inabanduka karibu na sakafu, rangi inavimba malengelenge, ukipitisha kidole ukutani unabaki na unga mweupe. Na fundi wa kwanza utakaemwita atakwambia mifuko miwili ya simenti inamaliza kazi. Mpe chai, mshukuru, aende zake.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene nusu mita na zaidi, na chini hakuna kitu cha kuzuia maji yasipande kutoka ardhini. Yanapanda tu kila siku, ila lipu ya chokaa inayapitisha yanakauka na upepo. Ukipiga simenti juu yake ni kama umemfunika nailoni mtu mwenye homa, jasho halina pa kutokea, kwa hiyo maji yanapanda juu zaidi yakitafuta njia mpaka yanakutana na boriti. Boriti za mikoko vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta, huvioni, vinaoza kimyakimya na mchwa nao wanakaribia. (Ndo boriti hizohizo zinafanya vyumba vyetu viwe virefu na vyembamba, boriti ya mkoko haiwi ndefu, mita tatu hivi basi.)

Kabla ya kugusa kitu nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe uombe kibali. Mji upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na ukianza kubomoa kimyakimya unaweza ukasimamishwa kazi ikiwa nusu, halafu ukuta ukabaki uchi masika yote.

Sasa tafuta maji yanatoka wapi, na hapa usiwe na haraka. Panda juu uangalie bati na mifereji, angalia bomba za choo cha ghorofani, kiyoyozi kinachodondokea ukutani, na ule mti ulioota wenyewe kwenye ufa pale juu. Mi nilipiga lipu ukuta mmoja mara mbili na mara zote ikabanduka, kumbe ni bomba la jirani lilikuwa linavuja upande wa pili, pesa zote zile zimekwenda bure kwa sababu sikugonga mlango wa mtu nikauliza.

Maji yakishazibwa, bandua lipu mbovu kwa tindo na nyundo ndogo, usiruhusu grenda, mawe haya ni laini yanatikisika. Bandua mpaka uvuke sehemu yenye unyevu, simenti ya zamani itoe yote, piga brashi kavu chumvi (ule unga mweupe) idondoke, kisha uache ukuta ukauke. Wiki, hata miezi. Wakati mzuri ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, mvua zimepungua na jua si kali, maana chokaa ikikaushwa na jua inapasuka.

Wakati unasubiri, zima chokaa. Tia maji kwenye pipa kwanza halafu chokaa mbichi (iliyochomwa, haijaguswa na maji) kidogokidogo, usifanye kinyume, inachemka kwelikweli na ikikurukia jichoni ni hospitali, kwa hiyo miwani na glovu na watoto wakae mbali. Chuja, funika kwa maji, iache wiki tatu au zaidi, ikikaa sana ndo inakuwa laini kama samli. Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3, na mchanga usiwe wa ufukweni, utakuwa umejirudishia chumvi mwenyewe.

Siku ya kupiga lipu, rowesha ukuta kwanza. Mashimo makubwa yajaze vijiwe pamoja na chokaa, usijaze chokaa tupu. Tabaka moja lisizidi sentimita 1, subiri wiki hivi ndo upige la pili, na kila siku nyunyiza maji au tundika magunia mabichi mbele yake. Watu wengi wanadhani chokaa inashika kwa kukauka, hapana, inashika kwa kuvuta hewa ya kaboni polepole na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo. Ukiona ufa mwembamba ikiwa bado mbichi, ukandamize kwa mwiko.

Rangi ni chokaa ya maji, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Mkono wa kwanza utaona kama hujapaka kitu, usiongeze uzito, ikikauka inang'aa. Rangi ya plastiki au ya mafuta ni simenti ileile kwa jina lingine.

Baada ya mwaka mmoja au miwili huenda doa likarudi pale chini. Usigombane na fundi, ni chumvi iliyobaki inatoka, na lipu imefanya kazi yake badala ya jiwe kuliwa. Kwangua hapo tu, piga upya. Ile chokaa iliyobaki kwenye pipa usimwage, iongezee maji juu uifunike, mwakani utaikuta nzuri kuliko leo.