Msichana amejifungua na anataka kurudi shule? Kwanza tafuta nani atabaki na mtoto

Huku Nyalenda, Kisumu, tukisikia binti wa jirani amezaa akiwa bado shule, tunakimbia kununua pampas na sabuni, tunapiga picha, tumemaliza. Pampas zinaisha na msichana bado ako nyumbani. Mimi naona kinachomfungia nyumbani sana sana ni mtoto kukosa wa kumshika asubuhi hadi jioni, basi kama uko na kitu kidogo cha kusaidia, ianzie hapo.

Ongea na msichana, halafu mketi na mamake ama nyanyake pamoja. Kama mama anauza samaki Kibuye usimwambie abaki na mjukuu, asipoenda soko jioni hakuna unga. Ulizia mama wa karibu anayeangalia watoto, mwende mwone kwake, ako na watoto wangapi, jiko anaweka wapi, choo kikoje. Ukikubali kuchangia, mlipe huyo mama mwenyewe kwa M-Pesa kila wiki, maana pesa ikipitia kwa nyumba iliyolala njaa itanunua chakula, na ni haki yao.

Mtoto akiwa chini ya miezi sita anafaa maziwa ya mama pekee, kwa hivyo nesi wa kliniki amwonyeshe msichana kukamua na mtoto apewe kwa kikombe kisafi, chupa ni ngumu kuosha vizuri. Bila friji maziwa hukaa kama masaa manne hivi, na kwa hili joto letu la Kisumu usingoje yafike. Ndiyo maana mimi napenda shule ya kutwa iliyo karibu, lunch anakimbia ananyonyesha anarudi.

Shule ikimkataa usigombane getini. Sera ya serikali ya Kenya ya kuwarudisha shule wasichana waliozaa iko tangu 1994 na mwongozo mwingine ukatoka 2020, uutaje kwa heshima, ikishindikana panda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Akiona aibu kurudi kwa wenzake, mtafutieni shule nyingine.

Sasa ile maneno watu hunyamazia. Kama ana chini ya miaka 18, mtu mzima aliyempa mimba ana kesi, Sheria ya Makosa ya Ngono ni ya 2006, hata wazee wakikaa chini ya mti wakapatana mbuzi wangapi. Muulize msichana polepole mkiwa wawili kama huyo mtu bado anakuja. Usimfuate wewe, piga 116, laini ya kusaidia watoto, ni bure, ama uone afisa wa watoto.

Na kuna wale hawataki shule tena. Sawa, lakini usimletee cherehani kabla hujamuuliza, si kila mmoja anataka kushona. Mwingine atakwambia anataka kuuza omena, na huyo pia atahitaji wa kumshikia mtoto.