Chandarua cha Mbu Hakimzuii Nzi Mweupe

Ndugu zangu mnaolima nyanya kandokando ya mto Sabaki, kuanzia Jilore hadi Kakuyuni, toeni vyandarua vya mbu kwenye vitalu. Nimelisema hili barazani na mashambani, na bado navikuta vimetandwa juu ya miche.

Tundu la chandarua cha mbu huzidi milimita moja kwa upana. Nzi mweupe, mdudu mdogo anayenyonya majani ya nyanya na kueneza virusi, akikomaa ana urefu wa kama milimita moja, na kiwiliwili chake ni chembamba zaidi ya hapo. Anapita. Akishaingia anakuta kivuli na majani machanga, na wadudu wa kumla wamebaki nje. Isitoshe, vyandarua vingi vinavyogawiwa kliniki vimetiwa dawa ya kiwandani, na Kiwango cha Mazao Hai cha Afrika Mashariki, EAS 456 cha mwaka 2007, yaani kanuni za mazao yanayolimwa bila kemikali za kiwandani, hakiruhusu dawa za namna hiyo. Unataka alama ya Kilimohai, ile ya mazao hai, kisha unatandaza sumu kitaluni! Chandarua kirudi kitandani kwa mtoto, malaria ingalipo.

Hasara haionekani upesi, na ndiyo maana kosa linarudiwa. Nzi mweupe akinyonya nyanya yenye ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa ya njano kwa dakika 15 hadi 30 tu, ameshabeba virusi, na ataendelea kuvisambaza karibu maisha yake yote. Mche aliouambukiza kitaluni huonyesha dalili baada ya wiki mbili au tatu, wakati umeshauhamishia shambani. Hapo mnalaumu mbegu, mnalaumu udongo wa chumvi. Ugonjwa mliuhamisha wenyewe, na mche uliougua mapema hivyo hauzai cha kupeleka soko la Malindi.

Dukani ulizia wavu wa kuzuia wadudu wa meshi 50, wenye tundu la upana wa karibu robo milimita. Bei yake inauma, kwa hiyo nunueni kwa kikundi mgawane. Pinda fito juu ya kitalu ziwe na kimo cha sentimita 60 katikati, kila moja mita moja kutoka mwenzake, ili jani lisiguse wavu. Likiugusa, nzi atalinyonya akiwa nje. Pindo lifukiwe sentimita 15 pande zote. Mawe hayatoshi, upepo wa kusi utaliinua. Wavu huu hushika joto, basi weka kivuli cha makuti juu yake saa za jua kali.

Funika siku ileile unayosia. Lile neno lenu, "nitafunika zikishaota," silitaki kulisikia tena. Maji mwagia juu ya wavu bila kuufunua. Ukilazimika kung'oa magugu, fungua kabla ya saa moja asubuhi, nzi wakiwa bado wazito kwa baridi, kisha fukia pindo papo hapo. Wiki ya mwisho, ya kuzoesha miche shida, punguza maji, wavu ubaki. Hamisha miche ikifika wiki nne, jioni kuanzia saa kumi na moja.

Nyanya za zamani na mnavu uliojiotea ving'olewe na kufukiwa kabla ya kusia. Kama shamba la jirani linaumwa, weka kitalu upande upepo unakotokea: kusini wakati wa kusi, kaskazini wakati wa kaskazi, kwa sababu nzi huyu hubebwa na upepo.

Mkilifi, yaani mwarobaini, hauponyi virusi. Gramu 50 za kokwa zilizotwangwa, zikalala katika lita moja ya maji ya kunyunyizia, hupunguza nzi kwenye miche mizima; mche uliokwisha kujikunja ung'oe asubuhi mapema, utie ndani ya mfuko, funga, ukaufukie.

Wiki tatu baada ya kuhamisha, majani ya juu yakiwa mapana na ya kijani, kitalu kilikuwa salama.

Ukivua wavu, ufue, uanike kivulini, na ushone kila tundu kabla ya kusia tena.