SOMO: Kukaza misuli ya tumbo na kiuno kwa waliovuka miaka 60

Wakuu, kila wiki swali ni lilelile: "Mzazi wangu ana miaka 65, apige siti-apu ngapi kwa siku?" Jibu ni sifuri. Naandika yote hapa, atakayeuliza tena mumwelekeze kwenye uzi huu.

Misuli ninayoisema siyo ile vipande vya mbele ambayo vijana wa jimu wanaipigia picha. Ni mkanda mzima unaozunguka kiwiliwili: misuli ya ndani ya tumbo, ya ubavuni, midogo inayoshika pingili za mgongo na ile ya matako. Juu kuna kiwambo cha kupumulia, chini kuna misuli ya nyonga inayozuia mkojo. Kwa mtu mzima mwenye afya, mkanda huu hukaza kabla hata mkono haujanyanyua kitu. Ukilegea, mguu ukijikwaa kwenye kizingiti kiwiliwili chote kinafuata na mtu hana cha kumrudisha. Kuinuka chooni, kupanda daladala, kugeuka kitandani, kote huko unahitajika.

Jipime kwanza. Kiti kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, kiegemee ukuta. Kunja mikono kifuani, simama na ukae kwa sekunde 30, hesabu mara ulizosimama wima. Kwa viwango vya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, uko chini ya wastani ukipata pungufu ya hizi: miaka 60–64, wanaume 14, wanawake 12, miaka 65–69, wanaume 12, wanawake 11, miaka 70–74, wanaume 12, wanawake 10. Andika namba yako, jipime tena baada ya wiki sita.

Presha ikisoma 180/110 au zaidi, hakuna mazoezi leo, kamwone daktari. Mwenye ngiri au aliyepasuliwa karibuni aruhusiwe kwanza.

Hatua ya 1. Mkeka sakafuni. Siyo godoro.

Hatua ya 2. Subiri kama saa moja tangu uamke. Asubuhi diski za mgongo, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zimejaa maji na hazipendi kukunjwa.

Hatua ya 3: kukaza huku unapumua. Lala chali, kunja magoti. Weka vidole ndani kidogo ya mifupa ya nyonga, kohoa kidogo. Kilichokaza chini ya vidole ndicho tunachokitafuta. Kikaze tena bila kukohoa, kidogo tu, kisha hesabu kwa sauti hadi kumi. Ukishindwa kuhesabu, umebana pumzi, na kubana pumzi kunapandisha presha ghafla. Usivute kitovu ndani.

Hatua ya 4: daraja. Ukiwa umelala vilevile, inua matako, shikilia sekunde 3–5, shusha. Mara 8. Paja likishikwa na mkakamao, sogeza visigino karibu na matako.

Hatua ya 5: mkono na mguu wa kinyume. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo soma taratibu. Piga magoti, viganja chini ya mabega, magoti chini ya nyonga. Mtu akuwekee mpini wa ufagio mgongoni: uguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa ulio kati ya kiuno na matako. Nyoosha mguu wa kulia nyuma na mkono wa kushoto mbele. Mpini ukianguka au ukiegemea upande mmoja, nyonga imefunguka. Ukiona uwazi chini ya mpini kiunoni umeongezeka, kiuno kimebonyea, na hapo uzito unabebwa na viungio vya nyuma vya pingili. Ndiyo sababu mtu anamaliza zoezi mgongo unauma kisha analaumu umri. Kosa linatokana na kuinua mguu juu sana. Usipite usawa wa nyonga. Ukibonyea hata hivyo, usiinue: telezesha kidole gumba cha mguu sakafuni, mkono ubaki chini. Shikilia sekunde 8, usizidi 10. Kila upande mara 6, pumzika, 4, pumzika, 2.

Hatua ya 6: ubavu. Lala ubavu, egemea kiwiko na magoti yaliyokunjwa, inua nyonga sekunde 8. Bega likiuma, fanya umesimama, kiwiko ukutani.

Hatua ya 7: ndoo. Maji lita 3 hadi 5, mkono mmoja, hatua 20, badili mkono. Usipinde upande.

Mara tatu kwa wiki. WHO (Shirika la Afya Duniani), katika mwongozo wake wa 2020, inataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba angalau siku tatu kwa wiki.

Ganzi au maumivu yakishuka chini ya goti, acha. Ganzi sehemu ya kukalia au mkojo usiozuilika ghafla: hospitali siku hiyohiyo.

---

Mpwa wa Kilosa: Mkuu somo zuri. Sasa siti-apu aanze na ngapi?

Mleta somo: Soma aya ya kwanza.

Mpwa wa Kilosa: Mbona babu yetu alipiga hadi uzeeni?

Mleta somo: Mifupa ya babu yako siijui. Utafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, wa 1984 ulifuatilia wanawake 59 wenye mifupa iliyopungukiwa madini. Waliofanya mazoezi ya kujikunja mbele, 89% walipata mivunjiko mipya ya pingili. Waliofanya ya kunyoosha mgongo, 16%. Makundi yalikuwa madogo, lakini sababu inaeleweka: ukijikunja, uzito unaangukia upande wa mbele wa pingili, na huko ndiko zinakobonyea.

Bi Mkubwa Pangani: Mwanangu, nina miaka 68, goti la kulia halikubali kupigwa chini.

Mleta somo: Shikamoo mama. Hatua ya 5 ifanye umesimama: viganja juu ya meza nzito, inama kidogo kutoka nyonga, nyoosha mguu mmoja nyuma, kidole kikigusa sakafu. Ya 6 ifanyie ukutani. Na hiyo ya mkekani ukiona kushuka ni taabu, fanya kitandani ikiwa godoro ni gumu. Heri hivyo kuliko kuacha.

Bi Mkubwa Pangani: Marahaba. Na nikikohoa mkojo unatoka kidogo.

Mleta somo: Bana misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo, kabla ya kukohoa na kabla ya kuinuka kitini. Ukishakohoa legeza kabisa. Usijizoeze ukiwa unakojoa. Lisipopungua, fiziotherapia hospitalini wanalishughulikia, wala si jambo la kuona haya.

Chuma Chakavu: Planki, ile ya kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili umenyooka, dakika tatu ndiyo kipimo. Sekunde 8 ni mchezo.

Mleta somo: Ikifika dakika ya pili mzee kiuno kimebonyea na pumzi imebanwa. Hicho ndicho unachompima.

Mwl. Zawadi: Ila kwa nini isizidi 10? Nauliza nielewe.

Mleta somo: Swali zuri. Msuli uliokazwa mfululizo unabana mishipa yake ya damu, oksijeni inapungua, unachoka na mkao wa mwili unaharibika. Ukikaza kwa muda mfupi na kurudia mara nyingi, ustahimilivu unajengeka kabla mkao haujaharibika. Stuart McGill, mtafiti wa mgongo aliyekuwa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ndiye aliyeeneza mtindo huu pamoja na ile 6, 4, 2.

Mwl. Zawadi: Na kuinuka kutoka mkekani? Mama yangu anakwama hapo.

Mleta somo: Ageuke ubavu, asukume kwa mkono wa juu, apige magoti, ashike kiti kilichoegemea ukuta, atangulize mguu wenye nguvu. Asinyanyuke moja kwa moja kutoka chali.

Fundi Bomba: Mshikio wa ndoo ni waya, unakata vidole. Zungushia kitambaa.

Mleta somo: Kweli kabisa. Na iwe na mfuniko, vigae vikilowa vinateleza.